Mtamba wa Bi Foibe

Sogeeni ndani, na walioko mlangoni wapeni nafasi. Hadithi hii nimeipokea bila mwisho, nami nawapa vivyo hivyo.

Palikuwa na kitongoji kimoja juu katika Milima ya Upare, jina lake Mvungwe. Kilikuwa na nyumba kumi na moja zilizong'ang'ania ubavu wa mlima, kila moja chini kidogo ya mwenzake, hata mtu wa juu akimwaga maji aliyooshea vyombo, wa chini anapiga kelele. Upande mmoja wa nyumba kilipita kijito cha Nkwini. Upande wa pili kulikuwa na mgongo wa mwamba, na juu ya mwamba huo ilijengwa shule. Nyuma ya nyumba, kuelekea juu, yalikuwa mashamba ya tangawizi, kisha msitu na ukungu.

Katika nyumba ya saba aliishi Bi Foibe, mjane, mkulima wa tangawizi, mwanamke asiyependa kupotezewa muda. Aliishi na mama yake mzazi, Bibi Debora, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia mwaka wa tatu sasa, na binti yake Anande wa miaka sita.

Basi hapo Mvungwe palikuwa na vijana watatu, na kila mmoja Mungu alikuwa amemkadiria chake.

Wa kwanza aliitwa Niwaeli, binti wa miaka kumi na minne. Yeye alijaliwa macho. Sisemi macho ya kuona mbali. Nasema macho ya kuona kilichobadilika. Ukihamisha jiwe mlangoni pako jana, leo Niwaeli akipita atatazama pale lilipokuwa. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Ukitaka kumsikia, sharti uiname.

Wa pili alikuwa Kajiru, kijana wa miaka kumi na mitano. Yeye alijaliwa kutobanduka. Siku moja baba yake alimwachia mbuzi njiani, akamwambia, "Mshike, nakuja sasa hivi," akaenda akakutana na watu, akasahau. Aliporudi jua linatua alimkuta mwanawe palepale, kamba ya mbuzi mkononi, amenyeshewa na nguo zimemkaukia mwilini.

Wa tatu ni Nakundwa, binti wa rika la Kajiru. Yeye alijaliwa watu. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi mlango wake haufunguki mpaka uusukume kwa bega, nani na nani hawasemezani. Watoto walimfuata bila kuitwa, na wazee wakorofi walikubali kumeza dawa ikitoka mkononi mwake.

Vipawa hivyo vingebaki vya kusimuliana tu kama si mwalimu Anzameni. Mwalimu huyu alihamia kutoka milima mingine, na utotoni mwake aliwahi kuona kilima kikishuka na kuifunika nyumba ya shangazi yake, watu wakiwa wanakula. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Badala yake, kila Ijumaa baada ya vipindi aliwakusanya vijana akawafundisha kuusoma mlima, kupeana habari haraka, na kuondoka bila kukanyagana. Aliwachorea njia ya kukimbilia. "Mlima ukianza kuteremka, ninyi msiteremke nao," aliwaambia. "Kateni pembeni. Pembeni, si bondeni!" Vijana wakaufanya msemo, wakawa wanaimba hata wakienda kuchanja kuni.

Bi Foibe hakuyapenda mambo hayo hata kidogo. Niwaeli alisimika kopo la maziwa ya unga kwenye kona ya shamba lake ili apimie mvua, na kila asubuhi akapita kati ya matuta na rula yake. Kajiru alining'iniza rimu ya lori kwenye mparachichi wa njia panda, karibu na kijito, na siku ya kwanza ya mazoezi alipoigonga, Bi Foibe alitoka mbio akaacha maziwa yanafurika jikoni, yakazima na moto. Lakini aliyemchosha zaidi ni Nakundwa. Huyo alikuja mlangoni, akapiga goti, akaomba wambebe Bibi Debora kwa machela mpaka shuleni, kwa mazoezi tu.

"Mama yangu si gunia la mazoezi," Bi Foibe alimjibu.

"Samahani, mama. Tulitaka tujue kama machela inapita mlangoni."

"Mlango huu ni wa watu wanaotembea. Na umwambie mwalimu wako kwamba mnaita balaa. Balaa likiitwa haliwi kiziwi."

Nakundwa hakubisha. Alisimama, akaupima mlango kwa macho juu mpaka chini, akaaga kwa adabu. Mazoezi wakayafanya kwa kumbeba mwalimu mwenyewe. Wakamwangusha mara mbili kwenye tope, na kitongoji kizima kikacheka wiki nzima. Bi Foibe naye alicheka.

Masika ya mwaka ule yakaja na hasira. Mvua ilinyesha Jumatano, Alhamisi na Ijumaa bila kupumua, na Jumamosi ikaamka nayo. Lakini Jumamosi ni siku ya gulio kule bondeni, na tangawizi ya Bi Foibe ilikuwa imekwisha kung'olewa. Ikikaa siku mbili zaidi itaoza. Anande alikuwa na homa ndogo. Mama yake akamlaza kitandani kwa bibi yake, akawaachia uji kwenye chupa, akajitwika kikapu akashuka.

Saa nne na nusu hivi, amekaa nyuma ya mafungu yake chini ya turubai, aliusikia mlima. Kila mtu gulioni aliusikia. Ilikuwa sauti kama ya lori linalomwaga mawe, ila lori humaliza, na sauti hii haikumaliza. Kisha mtu akanyoosha kidole. Kule juu, kwenye ubavu wa kijani, palikuwa na mchirizi mwekundu mpana, na mchirizi ule ulipita Mvungwe.

Bi Foibe aliacha tangawizi, akaacha mwavuli, akaacha na ndara moja kwenye tope. Njia ambayo watu huipanda kwa kupumzika mara tatu, yeye aliipanda bila kusimama. Na huku akipanda alikuwa akisema na Mungu kwa sauti, waliokuwa nyuma yake wakamsikia:

"Nyumba chukua. Shamba chukua. Nikimkuta mama yangu na mwanangu wanapumua, nina mtamba mmoja kwa kaka yangu, ng'ambo ya mlima. Mtamba huyo ni wa mtu aliyewatoa. Sibakizi hata kamba."

Nadhiri ya namna hiyo mtu huiweka hana nafasi ya kuchagua maneno. Alisema "mtu aliyewatoa". Hakusema watu.

Alipofika, nyumba ya saba haikuwepo. Wala ya sita, wala ya nane. Mahali pake palikuwa na udongo mwekundu mbichi, na magogo yaliyosimama mizizi juu. Kijito kilikuwa kimehamia pale jikoni kwake palipokuwa. Bi Foibe hakulia. Alisimama tu akiitazama sufuria yake moja, iliyokaa juu ya tope, safi, kana kwamba kuna mtu aliyeiweka pale. Ndipo aliposikia sauti kutoka upande wa shule:

"Foibe! We Foibe! Mbona umesimama kama mgomba? Tumbaku yangu imebaki chini ya mto wa kulalia. Sasa nani atanipa tumbaku?"

Alikuwa Bibi Debora, juu ya machela, amefunikwa blanketi, kwenye baraza ya darasa la nne. Kando yake Anande alikuwa anakula kiazi.

Namna alivyofika pale barazani Bi Foibe mwenyewe hakumbuki. Walimwambia aliparamia mwamba kama mbuzi. Aliwashika, akawapapasa vichwa, mikono, miguu, akarudia tena tangu kichwani. Alicheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kipare na kwa Kiswahili, akamshukuru na aliyempa mtoto kiazi. Watu waliokuwa kitongojini asubuhi ile walikuwa arobaini na wanne. Mwalimu Anzameni aliwahesabu, akawahesabu tena. Hakupungua hata mmoja.

Bi Foibe alipopata pumzi aliuliza, "Nani amewatoa?"

"Niwaeli," akasema jirani wa kushoto.

"Kajiru," akasema wa kulia, wakati uleule.

"Ni Nakundwa," alisema Bibi Debora, "na mtu asinibishie. Nilikuwapo."

Bi Foibe akashangaa. Mchana ule na kesho yake, watu wakiwa wamelala madarasani na vijiji jirani vikileta mablanketi na maharage, alikwenda kwa huyu na kwa yule akauliza. Na hivi ndivyo alivyosikia.

Asubuhi ile Niwaeli alikuwa amevuka kijito kwenda kuchota maji ya chemchemi ng'ambo, maana ya kijito yalikuwa tope tupu. Alipokwenda, Nkwini ilikuwa imejaa, anavuka kwa kushika kamba. Aliporudi na ndoo kichwani, alikuta mawe yametokeza. Mvua bado inanyesha, tena kubwa, na maji yamepungua mpaka kifundo cha mguu. Mzee Mkindi alikuwa anavuka wakati huo kuja ng'ambo, amefurahi. "Afadhali," alimwambia, "leo tunavuka bila kuloa." Niwaeli akachomeka kijiti ukingoni mwa maji, akasubiri kidogo. Maji yakakiacha kijiti. Hapo akajua: huko juu udongo umeshuka ukaziba mto, na maji yanajikusanya nyuma yake. Alimweleza Mzee Mkindi, lakini sauti ikawa ndogo, mvua kubwa, mzee akaitikia tu na kwenda zake. Sasa mfikirieni binti huyu. Yeye alikuwa ng'ambo, kwenye mwamba imara, mahali salama. Ili awaambie watu ilimpasa apite katikati ya mkondo uleule ambao balaa lingeshukia. Alitua ndoo. Akapita.

Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Kajiru, ambaye kwao ni jirani na njia panda. Akamkuta anatengeneza mpini wa jembe.

"Kajiru, mto umekauka."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

Kajiru hakuuliza la pili. Alichukua nyundo akaenda kwenye rimu, akagonga: tatu, akanyamaza, tatu, akanyamaza. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini hii ilikuwa imelia kwa mazoezi mara nyingi, na wako waliomtukana. "Leo tena? Na mvua yote hii?" Yeye akagonga. Sheria waliyojiwekea ilikuwa kwamba kila nyumba itakayosikia na kutoka ijibu kwa kugonga debe au sufuria, na mgongaji asiondoke mpaka nyumba zote kumi na moja zijibu. Zikajibu nne. Zikajibu saba. Ardhi ikaanza kutetemeka, mparachichi ukadondosha matunda yake yote kwa pamoja. Zikajibu tisa, kisha kumi. Moja kimya. Baba yake akamwita kutoka njia ya shule kwa jina lake lote na jina la babu yake. Kajiru akagonga. Yalipopotea matumaini ndipo ikasikika sufuria, kwa mbali, inagongwa na mkono usio na nguvu. Ya kumi na moja. Akatupa nyundo akakimbia, lakini tope lilikuwa limefika. Gogo lilimpiga mguuni likauvunja chini ya goti, na wanaume wawili wakamvuta kwa mashati waliyoyafunga pamoja, wakamtoa kwenye ukingo wa tope.

Nyumba iliyochelewa kujibu ilikuwa ya saba. Ya Bi Foibe.

Na Nakundwa? Yeye rimu ilimkuta nyumbani kwao, nyumba ya tatu. Alitoka akipiga kelele, "Pembeni, si bondeni!" maana wengi walikuwa wamekwisha kugeuka kukimbilia njia ya chini, ifuatayo kijito, ambayo ndiyo wameizoea, na ambayo tope liliijaza yote. Akawageuza. Mama yake alimwambia, "Kamfungue ng'ombe bandani." Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akiwanywesha maziwa na kuwalipia karo. Nakundwa akaelekea bandani, lakini masikio yake yalikuwa yanahesabu masufuria, akatambua ni nyumba ipi isiyojibu, na akajua mle ndani kuna nani. Akamwacha ng'ombe. Njiani aliwakuta Mama Sekiete na Mama Togolai, wanawake wawili ambao kwa mwaka mzima hawakupeana hata salamu. "Shikeni huku, ninyi wawili," aliwaambia. "Ugomvi mtaumalizia shuleni." Wakamfuata.

Ndani walimkuta Bibi Debora amekaa kitandani, amemkumbatia Anande.

"Mchukueni mtoto," alisema bibi. "Mimi nimezaliwa na mlima huu. Hauwezi kuniua."

"Bibi, muda hatuna."

"Nimesema mchukueni mtoto."

Nakundwa akaketi sakafuni, akakunja miguu. "Basi sote tunabaki, bibi. Mimi siwezi kwenda kumwambia Mama Anande kwamba nilikuacha."

Bibi alimtazama. Nje mlima ulikuwa unanguruma. "Una kichwa kigumu, wewe," akasema. "Haya, nibebeni. Na huyo mtoto apige sufuria, yule kijana wa watu anachoka."

Anande akapiga sufuria kwa mwiko. Nakundwa akachomoa miti miwili ya uani, ile ya kuanikia nguo, akaivika magunia mawili, wakamlaza bibi na kumfunga kanga kifuani. Mlangoni hakupoteza muda kujaribu kuipitisha machela ikiwa bapa. Alikwisha kuupima mlango ule. Wakaiinamisha upande, ikapita. Mama Sekiete na Mama Togolai mbele, Nakundwa nyuma peke yake, na Anande mgongoni mwake. Walipokanyaga mwamba wa shule waligeuka. Nyumba ilikuwa inakwenda. Na banda la kwao Nakundwa, lililokuwa kando ya kijito, lilikuwa limekwisha kwenda, na ng'ombe wake.

Hayo ndiyo Bi Foibe aliyoyasikia.

Jumanne yake, mvua ikiwa imekatika, watu walikusanyika kwenye kiwanja cha shule kwa sala ya shukrani. Waislamu waliomba dua, Wakristo wakaimba. Walipomaliza, kaka yake Bi Foibe, Eliamini, akatokea na mtamba. Alikuwa mnyama mzuri, mwekundu, ana doa jeupe pajani, miezi michache tu apandwe na dume. Bi Foibe akashika kamba, akasimama katikati.

"Foibe," kaka yake alimnong'oneza, "huna nyumba. Huna shamba. Mungu anaelewa."

"Kaka, nina mama na nina mtoto," alijibu. "Niache nishukuru."

Kisha akapaza sauti. Kwanza alimgeukia mwalimu Anzameni. "Mwalimu, nilisema mnaita balaa. Nilikosea, na nimekosea mbele ya watu, kwa hiyo naomba radhi mbele ya watu. Sasa nimeweka nadhiri, na sijui nimpe nani. Nisaidieni."

Baba yake Kajiru alisimama. Kijana wake alikuwa ameletwa kwa kitanda, mguu umefungwa plasta. "Mimi sitaki kuonekana nina tamaa," alisema. "Lakini ukweli usemwe. Mwanangu angeweza kuondoka zikiwa zimejibu nyumba kumi. Nilimwita nikiwa baba yake. Alibaki kwa ajili ya nyumba moja, na nyumba hiyo, Bi Foibe, ni yako. Mguu ule umevunjikia kwako."

Watu wakaguna. Ni kweli.

Mama yake Niwaeli naye akasimama. "Kajiru ni mwanangu pia, namshukuru. Lakini angegonga nini? Angegonga kwa habari ipi? Watu wazima waliuona mto umekauka wakafurahi. Mwanangu alikuwa mahali salama, akarudi mahali pa kifo na habari mdomoni. Chukueni hiyo habari, muitoe, halafu mniambie ni nani angekuwa hai hapa."

Watu wakaguna tena. Nalo ni kweli.

Bibi Debora akagonga fimbo ubaoni mwa kitanda chake. "Nawashukuru wote wawili, Mungu awape umri. Lakini mimi nilisikia rimu tangu mwanzo. Niliisikia vizuri sana, nikabaki nimekaa, kwa sababu miguu sina. Sikubebwa na habari, wala sikubebwa na mlio. Nilibebwa na mikono. Na mikono hiyo imemwacha ng'ombe wa kwao afe, ili mimi niishi nidai tumbaku."

Watu wakacheka, na wengine wakafuta machozi. Nalo hilo ni kweli.

"Apewe mwalimu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Mwalimu Anzameni akatikisa kichwa. "Mimi nitahamishwa siku yoyote, na basi halipakii ng'ombe. Tena niliwafundisha vijana thelathini. Wote walinisikia. Hawa watatu ndio waliofanya."

"Basi wamiliki kwa pamoja," akasema mwingine. "Ndama wa kwanza wa huyu, wa pili wa yule."

Eliamini, mfugaji, akakataa. "Ng'ombe wa watu watatu hulala na njaa, kila mmoja akidhani mwenzake amekata majani. Na nadhiri imesema mtu mmoja. Mnataka dada yangu amdanganye Mungu kwa hesabu?"

Ndipo Bi Foibe akawaita vijana wenyewe. "Semeni ninyi. Nani alimtoa mama yangu na mwanangu?"

Niwaeli alisema kitu, watu wakainama kumsikia. "Mimi, mama, niliogopa. Nilisimama pale ng'ambo nikatamani nibaki. Sijui kama mtu aliyetamani kubaki anastahili ng'ombe."

Kajiru akasema kutoka kitandani, "Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama tu. Kusimama nimezoea. Mpeni Nakundwa, ng'ombe wao amekufa."

Nakundwa aliinamisha macho. "Ng'ombe wetu amekufa, ni kweli, na nyumbani hatuna maziwa. Lakini nikimchukua huyu, nitasema ni malipo ya ng'ombe, au ni shukrani? Na mguu wa Kajiru utalipwa na nani? Mimi sikutaka kulipwa, mama. Nilitaka nikukute nikiwa na la kukuambia."

Bi Foibe aliwatazama wote watatu. Aliwakumbatia mmoja mmoja, Kajiru akimwinamia yeye palepale kitandani alipolala, akawaambia jambo kila mmoja sikioni, na jambo hilo wamelificha mpaka leo. Moyo wake ulikuwa umejaa hata hakuna pembe iliyobaki ya huzuni ya nyumba wala shamba. Lakini kamba ilikuwa bado mkononi mwake, mtamba anavuta kuelekea kwenye majani, na kiwanja kizima kinangoja.

Yuko aliyeona, akaiacha salama yake. Yuko aliyeita, akavunjika mguu. Yuko aliyebeba, akapoteza mali ya kwao. Ukimwondoa mmoja, kazi ya wawili inakuwa bure. Nadhiri ni ya mtu mmoja, na mtamba ni mmoja.

Haya, ninyi mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo: lau kamba ile ingekuwa mkononi mwako wewe, ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?